Msumeno Unaoishia Mlangoni

Konstebo Parata alitusimamisha pale Gore,
karibu na sanamu ya yule samaki mkubwa,
saa mbili kasorobo asubuhi, sakitu bado nyeupe majanini.
Hakuniuliza leseni.
Aliinama, akatazama kiti cha nyuma,
akamwona Ngaio, miaka tisa, begi mapajani,
pua ameifunika kwa skafu ya shule.
Kisha akatazama mkono wangu.

"Si moshi," nikasema. "Ni mvuke tu."
Kama mwizi aliyeshikwa kichakani
akisema: si kuku, ni manyoya tu.

Konstebo hakucheka.
"Uite utakavyo. Mtoto akiwa garini, huvuti.
Hata vioo viwe wazi.
Hata uwe umeegesha.
Hata gari liwe lako na mtoto awe wako."
Hapo kwenye *wako* nilitaka kubisha,
ila koo lilikuwa limejaa stroberi.
Leo onyo, akasema. Siku nyingine, faini.

Basi nikatii.
Nilitii kwa mdomo mchungu, vidole vikipiga ngoma usukani,
kilomita kumi na saba kwenda, kumi na saba kurudi.
Demio ikaanza kunuka vitu vyake vya asili:
mpira, mbwa aliyelowa, ganda la ndizi chini ya kiti.
Ngaio akashusha skafu.
Akaanza kuongea njiani, sikujua kama huwa anaongea njiani:
habari za mwalimu mwenye jicho la kioo,
za kondoo aliyezaa watatu,
za mama yake kule Dunedin na zulia lake jipya.

Nami nasikiliza nusu, nahesabu nguzo za umeme.
Nikivuta breki ya mkono tu, mguu mmoja nje,
nishawasha.
Jioni natoka machinjioni, mafuta ya kondoo kwenye kucha,
naketi jikoni, navuta mpaka taa inafanya utusitusi.
Jikoni hakuna konstebo.
Sheria ni msumeno, tunaambiwa, hukata mbele na nyuma.
Huu wetu hukata hadi mlango wa gari.
Ukifika kizingiti cha nyumba, meno yake huisha,
na mtu akiwa kwake ni mfalme,
hata kama ufalme wenyewe ni meza na viti viwili.

Ilikuwa Julai, usiku wa baridi ya kupasua mabomba.
Nilikwenda kumfunika, nikakuta kitanda kitupu.
Nikaita bafuni. Nikaita uani.
Ndipo nikaona taa ndogo inawaka ndani ya Demio.

Alikuwa amekaa mahali pake pa nyuma,
blanketi mabegani, daftari la hesabu magotini,
mkanda ameufunga.
Gari limezimwa, haliendi popote,
na mtoto wangu ameufunga mkanda.

Nikagonga. Akazungusha mpini,
kioo kikashuka vidole viwili.
"Unafanya nini huku?"
"Saba mara nane."
"Ndani kuna hita, Ngaio."
"Ndani unavuta," akasema. "Huku huruhusiwi."

Nilitafuta jibu la baba. Sikuliona.
Akageuza ukurasa, akauliza bila kunitazama,
kama anayeuliza bei ya penseli:
"Nikifika kumi na minane unaanza tena?
Mapafu yangu yatakuwa yamepata leseni?"

Ile kitu ilikuwa mfukoni, nzito, bado ina joto.
Sikuigusa. Naapa sikuigusa.
Nilifungua mdomo kumwambia hivyo,
na pumzi ikatoka nyeupe, nene,
ikapanda mbele ya kioo, ikasita hapo kati yetu.

"Ni baridi," nikasema. "Ni pumzi tu."

Aliitazama mpaka ikaisha.
Kisha akashika mpini,
akazungusha.